Hisa za mia na hamsini

Mwaka 2009 Mbagala ilipitiwa na mambo matatu ndani ya miezi michache, na ni moja tu ambalo watu hulitaja bila kuulizwa. Jumatano ya Aprili 29, ghala la silaha katika kambi ya jeshi lililipuka. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, maelfu ya nyumba zikaharibika, na wazazi wakahangaika kutafuta watoto waliokimbia na umati. Mtu wa Kizuiani ukimgusia mwaka huo atakuambia "mwaka wa mabomu", basi, imeisha.

La pili ni DECI, ile taasisi ya wachungaji iliyokuambia upande mbegu ya fedha, usubiri kidogo, uvune nyingi zaidi. Serikali iliisimamisha mwaka huohuo, na mwaka 2013 wakurugenzi wake wakatiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu. Makao yake yalikuwa Mabibo, lakini watu wa Mbagala walipanda daladala mbili kwenda kupanda mbegu huko. Hili watu hulikumbuka, ila kwa sauti ya chini.

La tatu halikupiga kelele kabisa. Benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa umma kwa shilingi 150 kila moja, na mwezi Juni ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Naandika habari za uchumi, na kila ninapokaa na watu wanaojua kazi yangu naulizwa swali lilelile: hisa unanunua unashika, au unaotea, unaingia bei ikiwa chini na kutoka ikiwa juu? Vitabu vya Wamarekani vinajibu swali hili kwa majedwali ya miaka mia moja. Sisi soko letu halijafika hata miaka thelathini ya biashara. Kwa hiyo nimeona njia ya haki ni kuchukua hisa moja, ile ya 150, na kuifuata kwa miaka kumi na tano kupitia watu wawili waliokuwa nayo hapa Mbagala. Majina yao siyaandiki, kwani hesabu za mtu ni za mtu.

Lakini kwanza turudi nyuma zaidi ya 2009, maana wengi wanadhani Mtanzania haijui hisa kwa sababu ya uvivu wa kusoma. Neno lenyewe tunalo siku nyingi. Ukiingia kikoba chochote Charambe au Mianzini utakuta kina mama wananunua hisa kila wiki na katibu anapiga muhuri kwenye kitabu. Tulichokosa ni kampuni ya kununua. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, na siku iliyofuata mabenki yakataifishwa. Masharti ya uongozi yaliyomo kwenye Azimio yalimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, na pia kuwa na nyumba ya kupangisha. Sijui kama vijana wanaelewa uzito wa hilo. Kwa robo karne, mwenye hisa alikuwa mtu wa kushukiwa, kabaila, hadi uamuzi wa Zanzibar wa mwaka 1991 ulipolegeza masharti hayo. (Sharti la nyumba za kupangisha ukiliweka Mbagala ya leo, nusu ya wajumbe wa mtaa watakosa sifa.)

Sheria ya masoko ya mitaji ikapitishwa 1994, na Aprili 1998 soko likaanza biashara na kampuni moja tu: TOL, inayotengeneza gesi ya oksijeni. Miezi michache baadaye ikaja TBL, kampuni ya bia, kwa shilingi 550 kwa hisa. Ofisi ilikuwa jengo la Twiga, mtaa wa Samora, na biashara ilifanyika siku chache tu kwa wiki. Mtu aliyetaka "kuotea" katika soko la namna hiyo angekuwa kama mchezaji anayeotea kwenye uwanja usio na mpira.

Novemba 2008 ikaorodheshwa NMB. Serikali iliuza hisa kwa shilingi 600, na walioomba walizidi kwa mbali hisa zilizokuwapo. Angalia wakati wenyewe: Lehman Brothers ilikuwa imeanguka New York mwezi Septemba, na dunia nzima watu wanakimbia hisa. Huku Temeke watu wanapanga foleni kuzinunua. Wataalamu wakiambiwa hivyo wanatabasamu, lakini kwa miaka iliyofuata waliopanga foleni ndio waliotabasamu. Mwaka 2023 ulifungwa hisa ile ikiwa karibu 4,500, na gawio la mwaka huo peke yake lilikuwa shilingi 361 kwa kila hisa iliyonunuliwa kwa 600. Hakuna aliyelijua hilo akiwa kwenye foleni. Walijua tu kwamba benki wanaiona kwa macho, ina tawi karibu, na mshahara wa mwalimu unapitia humo.

Hapo ndipo wanapoingia watu wangu wawili.

Wa kwanza ni mstaafu wa bandari. Alipata mafao yake, na mwaka 2009 alichukua hisa 10,000 za CRDB kwa milioni moja na nusu. Wa pili ni fundi cherehani wa Rangi Tatu, mzee wa watu, aliyechukua hisa 1,000 kwa laki moja na nusu. Mke wa fundi yeye alikuwa amepanda mbegu DECI. Kwa hiyo katika nyumba moja, msimu mmoja, kulikuwa na karatasi mbili za ahadi, na majirani walioziona waliamini zaidi ile ya mbegu, kwa sababu ilitaja tarehe ya kuvuna. Ya benki haikutaja tarehe yoyote.

Miaka mitano hivi hisa ikatambaa. Kisha mwaka 2014 serikali ikaondoa ukomo wa asilimia 60 uliokuwa unazuia wageni kumiliki zaidi ya kiwango hicho katika kampuni zilizoorodheshwa. Fedha za nje zikaingia na bei zikapaa. CRDB ikapita 400. Mstaafu wa bandari akauza zote, akapata zaidi ya milioni nne, akanunua kiwanja Mbande. "Nilikula kichwa nikawaachia mkia," aliniambia, na usione kama anajisifu bure. Alinunua chini akauza juu, na kiwanja kile leo kina nyumba na wapangaji.

Fundi hakuuza. Tena mwaka 2015 benki ilipotoa hisa stahiki, yaani kila mwenye hisa tano anapewa haki ya kununua moja mpya, yeye alilipa shilingi 70,000 akachukua zake 200 kwa bei ya 350. Sasa ana hisa 1,200, na jumla ametoa mfukoni 220,000.

Kisha likaja anguko. Fedha za wageni zilipungua, uchumi ukabana, mikopo chechefu ikaongezeka kwenye mabenki. Faida ya CRDB ya mwaka 2017 ilishuka vibaya, na gawio likawa shilingi 5 kwa hisa. Kwa fundi hiyo ni shilingi 6,000 kabla ya kodi, hela ya nyuzi. Kufikia mwishoni mwa 2019 hisa ilikuwa chini ya 100. Zile 200 alizozilipia 70,000 zilikuwa hazifiki 20,000. Mali yake yote kwenye soko ilikuwa pungufu ya 120,000, miaka kumi baada ya kuanza, wakati bei ya kila kitu dukani imepanda.

Nilipomfuata nilitarajia kusikia habari za subira na imani. Nikamuuliza, mzee, ulishikaje katika kipindi kile? Akacheka.

"Mwanangu, ningemuuzia nani?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Alikuwa amejaribu. Alipanda gari hadi mjini kwa dalali wa hisa, akajaza fomu ya kuuza, akaambiwa asubiri mnunuzi. Wiki zikapita. Nauli ya kwenda kuulizia, foleni ya Barabara ya Kilwa, siku ya kazi inapotea. Mwishowe akaacha. Watu wa fedha wana neno lao, ukwasi, kwa maana ya urahisi wa kugeuza mali iwe pesa taslimu. Soko letu miaka ile lilikuwa kavu. Kuuza hisa kulifanana na kuuza kiwanja: unatangaza, unasubiri mteja, na mteja akija anajua una shida.

Ukavu huo haukuwa wa CRDB peke yake. Hisa ya TBL, iliyoanzia 550, ilifika mahali ikaganda kwenye 10,900 kwa miaka, namba ileile kila jioni, kwa sababu wenye nazo hawauzi na hakuna biashara ya kuisogeza. Ya kampuni ya sigara, TCC, iliganda 17,000. Kwenye karatasi wewe ni tajiri.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Watanzania wa zamani walikuwa wavumilivu, walinunua wakashika, nauliza kwanza mlango wa kutokea ulikuwa na upana gani. Wengi walishika kwa sababu kuachia kulikuwa na usumbufu kuliko hasara yenyewe.

Linganisha na Kenya. Safaricom iliingia Soko la Hisa la Nairobi Juni 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, na Wakenya zaidi ya laki nane waliomba hisa. Soko la Nairobi ni la tangu 1954 na lina wanunuzi, mlango wake ni mpana. Wengi waliingia wakidhani watauza baada ya wiki mbili kwa bei maradufu, na wengine walikopa benki ili wanunue. Siku za mwanzo bei ikapanda, kisha mwaka 2009 ikawa chini ya 3. Mwenye mkopo hana la kuchagua: marejesho ya mwezi yanafika, anauza. Waliobaki waliiona hisa ileile ikipita 40 mwaka 2021, halafu wakaiona tena ikirudi chini ya 15 miaka miwili hivi baadaye. Aliyeuza kwa 3 na aliyeuza kwa 40 walikuwa na akili sawa tu. Tofauti yao ilikuwa pesa waliyoingia nayo, kama ilikuwa yao au ilikuwa ya benki.

Nirudi kwa mstaafu wetu wa bandari, maana habari yake ina sehemu ya pili. Alipouza kwa zaidi ya 400 alisema wazi kwamba bei ikishuka atarudi. Ikashuka. Ikawa 300, akasubiri. Ikawa 150, bei ya mwanzo kabisa, akasubiri. Ikawa chini ya 100, na hapo akaogopa, kwa sababu kitu kilichotoka 400 hadi 95 kwa macho yoyote yale kinaonekana kinaelekea sifuri. Hakununua. Bei ilipoanza kupanda akasema ni ya muda, itashuka tena, anasubiri. Anasubiri hadi leo. Anayeotea bei anatakiwa apatie mara mbili, kutoka na kurudi, na kupatia mara ya kwanza kunampa mtu kiburi cha kungoja bei nzuri kuliko ile iliyopo. Marekani, Brad Barber na Terrance Odean walichunguza akaunti za kaya 66,465 kati ya 1991 na 1996. Waliokuwa wakinunua na kuuza mara nyingi zaidi walipata wastani wa asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilitoa 17.9. Wale walikuwa na dalali wa kumpigia simu na magazeti ya kila asubuhi. Mstaafu wetu alikuwa na redio.

Fundi je? Benki ilibadili uongozi mwaka 2018, faida ikarudi, na gawio likaanza kukua: shilingi 17 kwa mwaka 2019, kisha 22, 36, 45, na 50 kwa mwaka 2023. Jumlisha hayo matano unapata 170, zaidi ya ile 150 ya mwanzo. Kwa hisa zake 1,200 ni shilingi 204,000, ukitoa kodi ya asilimia 5 anabaki na 193,800. Mwishoni mwa 2024 hisa ilikuwa karibu 670. Mali yake ikawa kama laki nane, bila kuhesabu gawio.

Hapa lazima tuwe wakweli, maana hesabu za namna hii ndizo zinazotumika kuwapumbaza watu kwenye semina. Mwaka 2009 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,300. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa karibu 2,400. Hisa ya 150 ilikuwa sawa na senti 11 na nusu za dola, na ile ya 670 ni kama senti 28. Haijakua mara nne na nusu kama shilingi inavyotudanganya. Imekua chini kidogo ya mara mbili na nusu, kwa miaka kumi na tano, ukiacha gawio. Si haba. Lakini kiwanja cha Mbande kimekimbia zaidi, na mstaafu akikaa kibarazani kwake akimwangalia fundi anapita na cherehani kichwani, hana sababu ya kumwonea wivu.

Na kushika si dawa ya kila hisa. Kampuni ya uwekezaji ya NICOL iliorodheshwa 2008, ikaondolewa sokoni 2011, na waliokuwa nayo wakakaa miaka na karatasi isiyo na pa kuuzia kabla haijarudi. Vodacom iliuza hisa kwa 850 mwaka 2017, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziuze robo ya hisa kwa umma. Muda wa mauzo uliongezwa, wageni wakaruhusiwa kununua zilizobaki, na miaka kadhaa baadaye ubaoni ilisomeka 770. Aliyeshika hapo ameshika nini? Hata DECI, ukitaka kuwa mkali, ilikuwa na wafuasi wake wa kushika: wale waliovuna mara ya kwanza wakapanda tena mavuno yote, kwa subira kamili.

Kinachonishangaza ni kwamba Mbagala haijawahi kukosa subira. Tembea Chamazi, Toangoma, nenda hadi Kongowe. Utaona misingi iliyochimbwa miaka kumi iliyopita, tofali zimepangwa zinaota ukungu, mwenye nyumba anaishi kwenye vyumba viwili vya nyuma na kila mwaka anaongeza kozi tatu. Mtu huyo huamki asubuhi ukamkuta anauliza msingi wake leo ni shilingi ngapi. Haujui, hautaki kuujua, anajenga. Mtu huyohuyo mpe hisa na simu yenye bei inayobadilika, na baada ya wiki sita anakupigia: "Kaka, imeshuka, nitoe?" Tofauti ni kwamba msingi hauna ubao wa bei.

Sasa ubao tunao mkononi. Soko limeweka huduma ya kununua na kuuza kwa simu, Hisa Kiganjani, na mjukuu wa fundi anayo. Sina ugomvi nayo. Nauli na siku za kazi zimeokolewa, na mtu akiuguliwa anaweza kuuza bila kumbembeleza karani. Ila yuko kwenye kundi la WhatsApp la vijana mia mbili, na kila mchana kuna anayeandika "inapaa, ingia" na mwingine "toka, inakuja kushuka". Ule usumbufu uliomzuia babu yake mwaka 2019 kuuza kwa 95, yeye hana.

Desemba 2024 nilikuwa kwao. Binti wa fundi alitaka hisa ziuzwe zote wamalizie kuezeka jiko na vyumba vya uani, mvua za masika zisiwakute. Mjukuu alitaka zisiuzwe hata moja kwa sababu kundi limesema zitafika 1,000. Mzee aliwasikiliza, akauliza yanahitajika mabati mangapi. Akahesabu kwa vidole, akauliza bei ya hisa kwa mara ya kwanza tangu nifike, akahesabu tena.

"Uza mia tatu," akamwambia mjukuu. "Na hilo kundi lako liulize kama linauza misumari."